Vito Sitini vya Kumwita Gideoni

Nyuma ya soko la Mtwara mjini, kati ya duka la saruji na chumba cha intaneti cha Baraka, kuna benchi la mbao zilizotolewa bandarini, zile zinazowekwa chini ya mizigo. Wenyewe wanapaita Gati Kavu, kwa kuwa kila kitu hushushwa hapo isipokuwa kazi. Mimi ndiye ninayewauzia kahawa. Najua kahawa ya birika ni biashara ya wanaume, lakini aliyekuwa akiuza hapo alirudi kwao Tandahimba, akaniuzia birika na vikombe vyake kumi na moja, na wadogo zake Gideoni wanakula kila siku. Vitumbua asubuhi, kahawa hadi saa sita, nafunga. Wateja wa kudumu ni wanne. Mzee Suleimani, karani mstaafu wa kuhesabu mizigo, anaitwa Kamisaa, maana huamuru hata nzi. Thabiti, fundi redio, ni Mawimbi. Mwalimu Gaudensi ni Nusu Kikombe, na jina limejieleza. Wa nne ni Somoe wa Mikindani, muuza samaki wa kukaanga, ambaye hakai, hutua beseni lake dakika moja tu, na dakika hiyo inakwenda saa nzima. Mimi ni Mama Gide. Gide ni Gideoni, mwanangu wa kwanza, na yaliyosemwa benchini Jumamosi ile ya mwaka 2009 yalimhusu yeye.

Alikuwa ameondoka miaka mitatu kabla. Alivukia Kilambo, akaingia Msumbiji, akateremka hadi Afrika Kusini. Alipiga simu mara nne. Kisha simu yangu ikaibiwa sokoni pamoja na laini, nikanunua nyingine. Kisha baba yake, Mikaeli, akafariki, tukatoka kwenye nyumba ya kazi kule Shangani, tukapanga chumba Chikongola. Kwa hiyo akipiga, inalia simu ya mwizi. Akiandika, barua inafika kwa watu wengine.

Kilibaki kitu kimoja. Kabla hajaondoka alikuwa akicheza mchezo wa falme kwenye kompyuta za Baraka. Watu wa dunia nzima huucheza pamoja, kila mmoja na mtu wake mdogo ndani ya kioo, anapigana, anasafiri, anapanda cheo. Mchezo huo una ubao wa majina unaopangwa upya kila Jumatatu. Miaka miwili kabla ya Jumamosi ile Baraka aliniita nikaona kwa macho yangu: Gideoni wa Shangani, na pembeni ya jina kapicha kadogo ka farasi mweupe anayempanda. Alikuwa wa mia tisa na kitu. Wiki ile ya Jumamosi alikuwa wa mia tatu na kumi na mbili. Mtu aliyekufa hapandi cheo. Kila Jumatatu nilimuuliza Baraka, "Yupo?" Naye akanijibu, "Yupo, Mama Gide, kapanda." Nikarudi kwenye vitumbua. Yule farasi sikupenda kumtazama.

Kumwandikia moja kwa moja haikuwezekana. Yeye yuko kwenye ufalme uliojaa, haupokei wageni, na barua za kawaida hazivuki mpaka wa ufalme. Kinachovuka kinanunuliwa kwa vito, na vito vinanunuliwa kwa fedha halali. Nilimpa Baraka fedha ya magunia mawili ya mkaa. Akamtumia dada yake Sabina huko Dar, mwenye kadi ya benki inayokubali kulipia vitu vya nje, na Ijumaa vito sitini vikaingia. Jumamosi asubuhi Baraka akatoka na bei zake kwenye karatasi. Kosa lake ni kuzisomea benchini.

— Vito sitini, akasema. Upanga wa moto, hamsini. Farasi, sitini. Nyumba ndogo yenye bustani, sitini. Sherehe ya harusi, arobaini. Tarumbeta, ishirini. Ukipiga tarumbeta, maneno yako yanaonekana falme zote na yanabaki ukutani mpaka kesho yake.

— Hapo hakuna mjadala, nikasema. Tarumbeta.

— Ngoja kwanza, Mama Gide, Kamisaa akasema, akaweka kikombe chini ili apate mikono yote miwili. Fedha ikishageuka kito hairudi. Lazima tukae kikao. Baraka, hebu niambie, huko ndani watu wote wanapita wapi?

— Kuna Daraja la Mawe, mzee. Ukitoka kusini kwenda kaskazini lazima ulipite.

— Kwisha! Nunua upanga. Tunaliteka daraja, tunaweka meza. Kila anayepita: jina, atokako, aendako, mzigo wake. Siku moja atapita tu. Miaka ishirini na sita bandarini, hakuna gunia lililonipita.

— Yalikupita umelala, Mawimbi akasema.

— Nyamaza we, mla betri. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Kuku ni nani hapo, Kamisaa?

— Kila mtu ni kuku akifika darajani.

Baraka akamwambia kwamba daraja hilo linashikiliwa na Wakorea mia mbili, na upanga wa vito hamsini kwao ni kisu cha kumenyea muhogo. Kamisaa akafikiri kidogo.

— Wakorea nao wana mama zao, akasema. Tutawaeleza.

Nusu Kikombe alikuwa akitikisa kichwa tangu mwanzo. Yeye huanza kupinga kabla hajasikia, halafu husikiliza ili ajue amepinga nini.

— Mimi kama mwalimu nawaambia msinunue kitu chochote.

— Wewe hata kahawa hununui, Somoe akamwambia.

— Vito ni sawasawa na korosho. Msimu uliopita waliouza mnada wa kwanza si walilia hapa? Waliosubiri mnada wa tatu wameezeka bati. Viwekeni ghalani. Bei itapanda. Sitini inakuwa mia mbili, ndipo Mama Gide ananunua tarumbeta kumi, na chenji inabaki.

— Mwalimu, vito havipandi bei, Baraka akasema. Na havitoki humo. Ukishanunua, huwezi kumuuzia mtu.

— Na ufuta waliusema hivyohivyo.

— Ufuta unaliwa, mwalimu!

— Basi ndiyo maana ulipanda.

Mawimbi akasimama. Akisimama ujue ana jambo la kitaalamu.

— Sikilizeni, jamaa zangu. Tarumbeta ni matangazo. Nami matangazo ndiyo kazi yangu. Huwezi kurusha matangazo ukiwa bondeni. Baraka, huyo mtu wako mdogo amesimama wapi sasa hivi?

— Yuko sokoni, kando ya kisima.

— Mnaona! Kisimani! Mtoe, mpandishe mlima mrefu kuliko yote. Halafu subirini mvua inyeshe, hewa isafishike. Halafu mpige alfajiri, saa ambayo Wachina wamelala, wimbi lisigongane na lao.

— Wachina wakilala, Wabrazili wako macho, Baraka akasema.

— Basi tufunge na waya. Kutoka nyuma ya kompyuta, tunapitisha dirishani, tunaufunga kwenye ule mnazi wa duka la saruji. Mimi waya ninao.

— Kwenye kompyuta zangu hufungi waya wowote, kaka.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame, Baraka.

— Mnazini nako unainama?

Somoe alikuwa ameshapanga samaki wake upya mara mbili, dalili ya kwamba hakuridhika.

— Ninyi wanaume mnatafuta mtoto kama mnatafuta mwizi, akasema. Daraja, waya, ghala. Mtoto harudishwi kwa upanga. Nunueni nyumba. Watu wanaojiheshimu wana nyumba. Mtoto akipita, ataona nyumba ya kwao, kibaraza kipo, ataingia.

— Atajuaje ni ya kwao? nikamuuliza.

— Moyo utamwambia.

— Moyo wake haujawahi kumwambia hata mahali alipoweka viatu.

Somoe akacheka, lakini mkono ukabaki kiunoni.

— Haya, kama si nyumba, basi harusi. Arobaini, amesema? Tangazeni harusi ya Gideoni. Gideoni wa Shangani anamwoa Bibi Fulani, wote mnakaribishwa. Hakuna mwanamume anayesikia anaozwa bila kuulizwa akabaki kimya. Atatokea, hata kama ni kuja kukataa. Mjomba wangu alipatikana hivyo. Miaka tisa yuko Pemba ya Msumbiji, kusikia tu ameposewa, wiki ya pili huyu hapa mlangoni anatetemeka.

— Alioa?

— Alioa. Chakula kilikuwa kimeshapikwa.

Benchi zima likaangua kicheko, hata mimi nikacheka. Nikaona pia kwamba tukiendelea, saa sita itafika na vito vitakuwa vimenunua mnazi. Nikaliondoa sufuria la unga mapajani, nikasimama.

— Tarumbeta tatu, nikasema. Vito ni vyangu.

— Vito ni vyako, Kamisaa akakubali, lakini mtoto ni wa benchi zima. Na kitu kimoja nakuomba. Usiite mtu mbele za watu kama unamfukuzia mbuzi. Dunia nzima itasoma. Wasiseme watu wa Mtwara hawana adabu.

Hapo ndipo tulipoharibu, na sitamlaumu Kamisaa peke yake. Mimi mwenyewe niliona amesema haki. Sijawahi kuingia kwa mtu bila hodi, na sijawahi kuanza barua bila kusalimu. Baraka akaingia ndani, akakaa kwenye kompyuta iliyo karibu na mlango. Mimi nikasimama kizingitini, wao wakavuta benchi hadi chini ya dirisha.

— Kila tarumbeta inachukua herufi sitini, Baraka akasema. Nafasi na nukta zinahesabiwa. Zikifika sitini inakata yenyewe.

— Sitini ni nyingi, Kamisaa akasema. Andika. Assalaam aleikum...

— Gideoni ni Mkristo, Nusu Kikombe akamkatiza. Andika, Tumsifu Yesu Kristo.

— Na Wakorea je?

Wakabishana mpaka Somoe akasema shikamoo haina dini. Wote wakakubali. Kamisaa akafunga macho, akaimba kama anayesoma hati ya meli, na Baraka akapiga. Sisi hatukuona kioo, tulisikia vidole tu. Kisha vidole vikanyamaza.

— Imekata, Baraka akasema. Na imeshakwenda.

— Isome.

— "Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo? Sisi huku wazima, ho". Imeishia hapo.

— Ho nini?

— Hofu. Hofu ni kwenu. Haikuenea.

Nikatazama sakafu. Wazima. Mikaeli yuko makaburini mwaka wa pili, na dunia nzima tumeiambia sisi ni wazima. Lakini ndivyo barua zinavyoanza, nami nilikuwa nimesimama palepale nikiitikia kwa kichwa.

— Sasa sikia, nikamwambia Baraka. Hii ya pili usiandike neno mpaka nirudi.

Kulikuwa na mama amesimama kwenye meza yangu anataka vitumbua ishirini vya hitima, na mafuta yalikuwa yanaanza kutoa moshi. Vitumbua ishirini haviachwi. Nikaenda, nikageuza, nikahesabu, nikafunga kwenye gazeti. Nilipokuwa nampa yule mama chenji, nikasikia dirishani sauti ya Nusu Kikombe, ile anayotumia darasani.

— Huwezi kuacha "ho" inaning'inia, Baraka! Dunia itafikiri sisi ni vichaa. Malizia sentensi kwanza. Ndivyo tunavyofundisha.

— Mama Gide kasema nimsubiri.

— Mama Gide ana kidato cha nne, anajua sentensi haiachwi wazi. Andika.

Nilifika nikiwa na mwiko mkononi. Vidole vya Baraka vilikuwa vimeshanyamaza kwa mara ya pili.

— Soma, nikasema.

Baraka akasoma bila kunitazama.

— "fu ni kwenu mlio mbali. Dhumuni la barua hii ni kumtafuta mt".

— Mt?

— Mtoto wetu Gideoni. Imekata kwenye mtoto.

Mawimbi akasema polepole kwamba angalau dunia sasa inajua kuna dhumuni. Somoe akampiga kofi la bega. Vito ishirini vilikuwa vimebaki. Gunia moja na theluthi moja la mkaa lilikuwa limekwisha kwa salamu.

— Mwalimu, nikasema, nenda kakae mbali na dirisha langu.

Akaenda. Akakaa mwisho kabisa wa benchi, kikombe chake mkononi, nusu.

Muda wote huo palikuwa na mtu amesimama mlangoni na bahasha ya kaki, anasubiri kutoa kopi. Sikumjua. Mtu wa makamo, viatu vina vumbi jekundu la bara. Nilimpa kahawa kwa kuwa alikuwa amesimama sana. Alikunywa kwa mikono miwili, akarudisha kikombe, akasema:

— Samahanini, wakubwa. Mimi ni Andrea, natoka Nanyamba, nimeleta cheti cha mwanangu kukitoa kopi. Nimewasikiliza tangu mwanzo. Huyo kijana mnayemtafuta, aliondoka kwa nini?

Kamisaa akafungua mdomo.

— Maisha, Mawimbi akawahi.

— Maisha hata hapa yapo, Andrea akasema.

— Ujana, Somoe akasema. Vijana wanatembea.

— Mimi nina vijana wanne. Hakuna aliyetembea bila neno.

Kamisaa akanigeukia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyegundua kwamba gunia moja lilimpita.

— Kweli, Mama Gide, akasema. Miaka mitatu nakunywa kahawa yako. Sijawahi kukuuliza.

Ninajua kwa nini aliondoka. Niliweka ada yake ya kozi ya ufundi umeme kwenye kopo la maziwa, shilingi kwa shilingi, mwaka mzima wa vitumbua. Aliichukua akampa mtu mwenye kadi, akanunua farasi. Farasi wa kwenye kioo, asiyebeba gunia wala kutoa samadi. Alikuja jikoni kuniambia mwenyewe, hakuficha, alikuwa anacheka. Aliniambia, "Mama, sasa naweza kufika mbali." Alikuwa na miaka ishirini na moja. Nikamwambia ampande huyo farasi wake aende, na asirudi kwangu kabla hajawa na kitu cha kushikika mkononi. Ilikuwa Alhamisi. Baba yake alikuwa zamu bandarini. Aliporudi, mtoto hayupo, na hakuniuliza sana, kwa sababu alijua nina mdomo.

Benchini sikuyasema yote.

— Nilimfukuza, nikasema. Kwa ajili ya farasi.

Kamisaa alifungua mdomo tena, nikajua ni methali inakuja. Akaufunga. Andrea akasema, "Ahsante, mama," kama mtu aliyeelekezwa njia, akaingia ndani na bahasha yake. Nilifuta unga mikononi kwa khanga, nikaingia nyuma yake.

— Baraka, kopi ya mgeni itasubiri kidogo. Andika.

— Naandika, mama.

— Gide. Nukta. Ya farasi yameisha. Nukta. Mama. Nukta.

Nikamtajia namba yangu mpya, tarakimu kumi, mojamoja. Akaisoma tena, nikaisikiliza, ikawa sawa.

— Pana nafasi ya herufi kumi na nane, Baraka akasema kwa upole. Tuongeze "hatujambo"?

— Hilo tulishasema.

— Au tumwambie habari za mzee...

— Hapana.

Kwamba baba yake hayupo, sikuliweka. Si habari ya kupigiwa tarumbeta. Hilo ataambiwa akiwa amekaa, ameshakula.

— Hizo kumi na nane ziache wazi, nikasema. Bonyeza.

Akabonyeza. Hakuna sauti yoyote iliyotoka. Sijui nilitegemea nini. Nilitoka nje, nikainua sufuria, nikaanza kuosha vikombe kabla ya wakati, na benchi zima likajidai linazungumzia bei ya saruji.

Jumamosi simu haikulia. Jumapili tulipotoka kanisani ililia, namba siijui. Nikapokea nikiwa katikati ya barabara.

— Shikamoo mama, kijana akasema. Mimi siye Gide. Nipo Tabora. Nimeona tu maneno yako ukutani.

— Marahaba. Unataka nini?

— Hakuna, mama. Mimi na mama yangu, yetu yalikuwa ya upanga.

Nilisimama pale, watu wananipita na Biblia zao.

— Mpigie mama yako, nikamwambia. Vocha hiyo unaimalizia kwangu ya nini?

Akacheka, akakata. Haikulia tena.

Jumatatu nilimaliza vitumbua saa tatu, nikaenda mlangoni kwa Baraka kama kila Jumatatu.

— Yupo?

Kwa kawaida hujibu bila kugeuka. Safari hii aligeuka.

— Yupo, Mama Gide. Hakupanda, hakushuka, ni mia tatu na kumi na mbili ileile. Lakini njoo uone.

Jina lilikuwepo. Gideoni wa Shangani. Pembeni ya jina palikuwa peupe.

— Farasi yuko wapi?

— Gide ameshuka. Ama amemgawa, ama amemwachia huru. Mchezo haumnyang'anyi mtu farasi, mama, lazima amshuke mwenyewe. Inaonyesha hapa, Jumamosi saa kumi jioni.

— Sisi tulipiga saa ngapi?

— Saa tano.

Nilishika ukingo wa meza yake, kisha nikauachia, nikatoka nje kumimina kahawa. Habari ilikuwa imeshafika benchini kabla yangu, kupitia dirishani.

— Amelipa ushuru! Kamisaa alikuwa anasema. Kafika darajani, hana kitu, Wakorea wamechukua farasi. Niliwaambia.

— Amejibu, Mawimbi akasema. Hii kitaalamu ni jibu. Unarusha, mwenzio hana mtambo wa kurushia, anazima taa mara moja ujue amepata. Meli zinafanya hivyo.

— Meli gani?

— Zote.

— Amemsikia mama yake, basi, Somoe akasema. Mnazungukazunguka nini?

— Akimsikia, mbona hajapiga? Kamisaa akauliza, kisha akajuta, nikamwona.

— Kwa sababu ni wa kwake huyu, Somoe akasema akininyooshea kidole. Ungekuwa wewe ungepiga haraka? Hajui aseme nini. Acha mtoto atafute maneno.

Nusu Kikombe alikuwa bado mwisho wa benchi, alipojipeleka mwenyewe tangu Jumamosi. Alinyoosha kikombe.

— Jaza, akasema.

Nikajaza mpaka juu. Akalipa bei ya kikombe kizima. Hakuna aliyemtania, na hilo benchini halijawahi kutokea.

Saa sita ilikuwa imekaribia nilipoona viatu vyenye vumbi jekundu. Andrea wa Nanyamba alikuwa amerudi. Alikwenda na kopi zake zote Jumamosi, akasahau cheti chenyewe ndani ya mashine. Baraka alikuwa amemtunzia. Akakipokea, akakipuliza, akakitia bahashani, kisha akakaa benchini kwa mara ya kwanza, na Mawimbi akamsimulia habari ya farasi kutoka mwanzo, pamoja na meli.

Andrea alisikiliza mpaka mwisho.

— Kwa hiyo kijana sasa yuko kwa miguu?

— Kwa miguu, Baraka akasema kutoka dirishani.

— Atafika lini?

Somoe akainama kupanga samaki ambao walikuwa wamebaki wawili. Niliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, yakatoka matone matatu na mashapo. Simu yangu ilikuwa juu ya meza ya vitumbua, kioo kikitazama juu, nimeichaji usiku kucha.

Saa sita ikapita. Huwa nafunga saa sita. Nikaongeza maji kwenye birika, nikachochea mkaa.